Karata, kamba, sanduku au bahasha: uanzie wapi mazingaombwe ukiwa Dodoma?

Anayetaka kuanza mazingaombwe kwa kawaida ameshavutwa na kitu kimoja: video ya karata kwenye simu, mchezo wa kamba aliouona kwenye mahafali, sanduku la kumkata mtu vipande, au yule jamaa anayetaja namba iliyo kichwani mwa mgeni bila kuambiwa. Kila kimoja ni fani yenye vifaa vyake na taabu zake. Mtu anaweza kupoteza mwaka mzima kwenye fani isiyomfaa kwa sababu tu ndiyo aliyoiona kwanza.

Hapa chini fani hizo nne zinapimwa kwa vigezo vilevile, zikiangaliwa kwa mazingira ya Dodoma na mikoa ya jirani, kwa mtu anayetaka kufika mahali pa kutumbuiza mbele ya watu halisi na si kujifurahisha chumbani.

Vigezo

Cha kwanza ni vifaa: nini kinatosha kufanya onyesho la kwanza. Cha pili ni mazoezi, yaani muda kabla hujathubutu kusimama mbele ya watu. Cha tatu ni viti na pembe, na hiki ndicho kizito kuliko vyote ingawa ndicho kinachosahaulika. Sherehe nyingi za huku hufanyika chini ya turubai uwanjani, watu wamekaa pande tatu au nne, na watoto wamejipenyeza hadi mgongoni kwa mtumbuizaji. Mchezo uliobuniwa kwa ukumbi ambao watazamaji wote wako mbele unafia hapo, hata uwe na mikono ya namna gani.

Cha nne ni hali ya hewa na safari. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kiangazi chake huanza Mei na kwenda hadi Novemba, kikavu, chenye upepo na vumbi. Ukavu huo unaingia hadi kwenye ngozi ya vidole, na tutaona madhara yake. Cha tano ni kinachoharibika, maana kila mchezo una mahali pake pa kuvunjikia. Cha sita ni maneno ya watu: nani atasema nini kesho yake, na kama neno "mchawi" litatajwa.

Karata na sarafu mezani

Vifaa. Pakiti mbili za karata za aina moja, sarafu nne zinazofanana, na kipande cha zulia laini cha sentimita 30 kwa 40. Karata ziwe za karatasi yenye vidoti vidogo usoni, kwa sababu hewa inayobaki katikati ya vidoti ndiyo inayozifanya ziteleze kwa usawa. Zile za plastiki zinazojaa madukani huteleza kupita kiasi zikiwa mpya, kisha hugandana zikishapata jasho. Vipimo vya kawaida ni viwili, milimita 63 kwa 88 na milimita 57 kwa 88. Mwenye viganja vidogo achukue hizo nyembamba bila kuona haya. Kuhusu sarafu, ya shilingi 500 iliyotoka mwaka 2014 inashikika vizuri kiganjani, ila ni ya chuma kilichopakwa nikeli, kwa hiyo hunaswa na sumaku. Mwenye kava ya simu yenye sumaku na anayeficha sarafu mfuko huohuo atajikuta akivuta simu na ushahidi kwa pamoja.

Mazoezi. Hapa ndipo penye kazi. Chukua mbinu moja tu, kunyanyua karata mbili kama moja. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinatengeneza ufa mwembamba chini ya karata mbili za juu, kwenye kona ya nyuma. Mkono wa kulia unazishika kwa kingo, gumba nyuma na kidole cha kati mbele, unazigeuza zote kwa pamoja, watu wanaona ree ya shupaza. Unazirudisha, unachukua ya juu pekee na kuiweka mezani. Watazamaji wanaapa kwamba ile ni ree, kumbe ree bado iko juu ya pakiti.

Makosa ni mawili. La kwanza, karata zinaachana kama mdomo kwa sababu zimepinda pande tofauti au vidole vimekauka. Dawa ni kuikunja pakiti nzima kidogo kwa upande mmoja kabla ya kuanza, na kushika kingo bila kukaza. La pili ni baya zaidi: mtu anaitafuta karata ya pili kwa macho wakati wote wanasubiri ageuze. Ufa utengenezwe mapema, wakati unauliza jina la mgeni au unacheka na jirani yake, muda ambao hakuna anayetarajia jambo.

Sarafu nayo ina mbinu kongwe ya kujifanya unaihamisha. Imeshikwa kwa ncha za vidole vya kushoto. Mkono wa kulia unapita kuichukua, gumba likiingia nyuma yake. Hapohapo sarafu inadondoka kwenye kiganja cha kushoto na mkono wa kulia unafungwa mtupu. Vidole hujifunza hili kwa siku tatu. Macho huchukua mwezi, kwa sababu lazima yaufuate ule mkono mtupu kana kwamba una kitu. Anayeyaacha yarudi kushoto, hata kwa kufumba na kufumbua, amejitaja mwenyewe. Kwa mazoezi ya nusu saa kila siku, tegemea miezi miwili hadi mitatu kupata michezo mitatu inayoaminika.

Viti na pembe. Watu wawili hadi wanane, wote mbele au pembeni kidogo. Tafuta ukuta wa kuegemea. Aliyesimama nyuma ya bega lako la kushoto anaona kila kitu, na ndiye atakayesema.

Hali ya hewa na safari. Vifaa vyote vinaingia kwenye mfuko wa shati, hivyo safari ya Kondoa au Mpwapwa si tatizo. Tatizo ni ukavu. Agosti vidole huwa kama karatasi, na sarafu inayobanwa kati ya nyama ya gumba na upande wa pili wa kiganja huchomoka. Matone mawili ya gilisarini yaliyochanganywa na maji, ukipaka robo saa kabla, yanatosha. Mafuta mazito ya kupaka yataziharibu karata. Vumbi likiingia kwenye pakiti, sauti yake wakati wa kuchanga hubadilika na karata hutoka kwa mafungu. Pakiti hiyo irudishwe kwenye mazoezi na nyingine ifunguliwe.

Maneno ya watu. Karata zina jina baya stendi na sokoni kwa sababu ya karata tatu, ule utapeli wa kuwekeana fedha. Usiwahi kupokea dau, hata la utani la shilingi mia. Pia ziko familia na nyumba za ibada ambazo karata ni kamari, basi. Huko beba sarafu, rababendi na kalamu.

Inamfaa nani. Mtu mwenye subira, asiyependa kipaza sauti, anayefurahia kukaa meza moja hadi nyingine kwenye mkahawa au bustani ya nyama choma. Haimfai anayetaka kuitwa kwenye harusi ya watu 300, kwa sababu meza kuu haitaona chochote.

Kamba, leso na vikombe: onyesho la kusimama

Vifaa. Kamba ya pamba laini yenye unene wa milimita 10 hivi, leso tatu za hariri za sentimita 45, vikombe vitatu vinavyoingiana, vipira vinne vya uzi vya sentimita 2 hadi 2.5, na mkasi mkali. Kamba ya dukani mara nyingi ina utambi katikati. Uchomoe, kamba ilale kama kitambaa, kisha zifunge ncha kwa gundi zisifumuke. Mchezo wa kukata na kuunga hula kamba: watu wanaona unakata katikati, ila kinachokatika hasa ni kipande cha karibu na ncha kilichopandishwa juu kisirisiri, na kila mara zinapungua sentimita 8 hadi 10. Kamba ya mita 1.5 inatosha maonyesho matatu au manne, baada ya hapo ufupi wake unaanza kuzungumza. Mita 20 zitakufikisha mbali.

Kwenye leso usifanye ubahili. Hariri halisi hubanwa ikawa donge dogo na kukaa kimya. Ya poliesta hujikunjua yenyewe na kuchungulia pale isipotakiwa. Zinapotoweka mkononi, kinachofanya kazi ni kidole gumba cha bandia, na hapa pana shida ambayo vitabu vya Ulaya havijishughulishi nayo: vingi vimetengenezwa kwa rangi ya ngozi ya Mzungu. Tafuta cha kahawia. Ukikosa, kipake rangi isiyong'aa tabaka mbili nyembamba, ukisugua kwa msasa laini kabla ya kila tabaka ili isibanduke. Kumbuka pia kwamba ncha ya gumba inayoelekezwa moja kwa moja kwa mtazamaji haionekani umbo lake. Likitazamwa ubavuni, linaonekana.

Mazoezi. Wiki sita hadi nane kwa onyesho la dakika 15, na nusu ya muda huo ni maneno. Onyesho la kusimama huongozwa na hadithi. Mpango unaokwenda vizuri: leso dakika mbili za kuwanyamazisha watu, kamba dakika tano na msaidizi kutoka kwa watazamaji, vikombe dakika sita, kisha umalize.

Vikombe vinastahili neno zaidi, kwani ni mchezo wa kale sana. Seneca wa Roma aliutaja takriban miaka elfu mbili iliyopita. Kinachofurahisha siku zote ni mwisho wake, pale chini ya kila kikombe panapotoka kitu kikubwa kisichotegemewa. Dodoma mtu hushawishika kutoa zabibu. Zinasagika, zinalowesha kikombe, na mchezo unaofuata unanata. Ndimu ni bora: ngumu, inajaza kikombe, rangi yake inaonekana mbali. Kikombe kinapakiwa wakati watu wanacheka kwa lililotangulia, mkono ukiwa umeshuka kwenye mfuko wa mbele kwa sababu inayoeleweka, kama kurudisha kipira. Anayeshuka mfukoni bila sababu hufuatwa na macho hadi chini.

Viti na pembe. Watu 20 hadi 100, nusu duara mbele. Kamba na leso zinaonekana mita 15. Kipira cha sentimita 2 hakivuki mita saba, kwa hiyo watazamaji wakiwa wengi vikombe vibaki nyumbani au viwe vikubwa. Meza iwe ya urefu wa kiuno. Kabla ya kuanza, mwombe mwalimu au mshereheshaji awahamishe watoto waliokaa nyuma yako, na usianze kabla hawajahama.

Hali ya hewa na safari. Begi moja la mgongoni, bajaji inatosha. Adui ni upepo wa mchana, ambao hupeperusha leso na kufunua kilichofichwa nyuma yake. Chini ya turubai simama upande ambao upepo unakupiga usoni, leso zije kwako na zisikimbilie watu. Upepo ukizidi, ruka leso, nenda kwenye kamba.

Kinachoharibika. Msaidizi mbaya. Yule kijana wa mbele anayepunga mikono yote miwili ndiye atakayevuta kamba aone kama imeungwa kweli. Chagua aliyekaa safu ya tatu, anayetabasamu kimya. Mkasi butu nao umeaibisha wengi: kamba inatafunwa badala ya kukatika, na muda ule wa kutafuna watu wanausoma mkono.

Maneno ya watu. Fani hii ndiyo yenye amani kuliko zote. Kamba ni kamba, ndimu ni ndimu. Jihadhari tu na vifaa vinavyofanana na vya mganga: kaniki na vitambaa vyekundu, yai, kuku, kibuyu, usinga. Yai jeupe lililotoka kwenye mfuko mtupu hupigiwa makofi London. Kijijini Bahi linaweza kuwafanya akina mama wawaite watoto wao.

Inamfaa nani. Mwalimu, mchekeshaji, mtu wa kikundi cha vijana kanisani au msikitini, yeyote anayependa watoto na hapotezi maneno akikatizwa. Kijijini, salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", kabla ya mchezo wa kwanza hufungua nyuso kuliko leso yoyote.

Masanduku: mazingaombwe ya jukwaa kubwa

Huku ndiko wengi wanakotaka kuanzia. Mwanamazingaombwe P. T. Selbit alipomkata kwa msumeno msaidizi wake ndani ya sanduku jukwaani London mwaka 1921, alibadilisha fani nzima, na mwaka 1965 Robert Harbin, mzaliwa wa Afrika Kusini, akaleta kabati ambalo kiungo cha kati cha mtu husukumwa pembeni. Hadi leo mtu akisema mazingaombwe, sanduku ndilo linalokuja akilini.

Vifaa. Sanduku lenyewe, pazia la nyuma, taa, na msaidizi mmoja aliyefunzwa. Mpime msaidizi kwanza, sanduku baadaye: urefu akiwa amesimama, upana wa mabega, unene wa kiuno akiwa amevuta pumzi, na nafasi anayochukua akijikunja kwa dakika tatu. Mafundi wengi hufanya kinyume chake, na msaidizi anaishia kuumia shingo. Fremu iwe ya mbao laini ya msindano, ubavu plaiwudi ya milimita 9. Mninga ni mzuri kwa kitanda, hapa utawavunja watu mgongo. Tumia skrubu na bolti, maana misumari hulegea kwenye barabara ya vumbi. Magurudumu manne yenye breki, na ndani kote rangi nyeusi isiyong'aa.

Siri ya masanduku mengi ni kwamba ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Kitako kinachoonekana chembamba kina ukingo wa mbele uliochongwa mshazari, na michoro ya mistari hudanganya jicho kuhusu unene. Fundi asiyejua hilo "atarekebisha" ukingo uwe wima ili upendeze, na atakuwa ameua mchezo. Kaa naye karakana.

Mazoezi. Miezi mitatu, mara tatu kwa wiki, wawili pamoja. Msaidizi ndiye anayefanya kazi kubwa. Mwenye suti hupokea makofi. Malipo yagawanywe kwa kulitambua hilo.

Viti na pembe. Watazamaji mbele tu, jukwaa lililoinuka, pazia nyuma. Michezo ya vioo ni mikali zaidi. Mwaka 1865 mwanamazingaombwe Stodare aliwaduwaza watu London kwa kichwa kinachozungumza ndani ya kisanduku juu ya meza ya miguu mitatu. Vioo kati ya miguu vilionyesha mapazia ya pembeni, na watu wakadhani wanaona nyuma ya meza. Kioo kama hicho lazima kiwe safi kabisa. Alama ya kidole ni kosa. Vumbi la Dodoma ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu dakika kumi baada ya kufutwa kioo kina utando, na taa ikikipiga utando huo unaonekana kama ukuta. Vivyo hivyo na kitambaa cheusi: vumbi jeupe juu yake ni kama kuandika "siri iko hapa". Michezo ya vioo iachie ukumbi uliofungwa.

Hali ya hewa na safari. Sanduku linalofunguka vipande linaingia kwenye kirikuu. Lisilofunguka linadai lori. Panga saa mbili za kufunga na kuhakiki. Umeme ukikatika, jenereta ya ukumbini mara nyingi hulisha muziki kwanza, kwa hiyo uwe na taa zako za betri. Na taa za disko za DJ zinazozunguka zizimwe kabisa wakati wako, zinamulika kila pembe uliyoificha.

Kinachoharibika. Joto. Oktoba na Novemba, chini ya paa la bati, ndani ya plaiwudi, mtu aliyejikunja anaishiwa nguvu haraka. Matundu ya hewa yawepo nyuma, muda wa ndani usizidi dakika nne, kila komeo lifunguke kutoka ndani, na mtu wa tatu nyuma ya pazia awe na ufunguo na ishara ya kusimamisha mchezo. Moto, maji na risasi usiviguse. Mwaka 1918 William Robinson, aliyejulikana jukwaani kama Chung Ling Soo, alipigwa risasi London akifanya mchezo wa kudaka risasi aliokuwa ameufanya kwa miaka mingi. Bunduki yake ilikuwa imechakaa ndani, na kesho yake alikufa.

Maneno ya watu. Sanduku kubwa linatangaza lenyewe kwamba ni maonyesho, hivyo hofu ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ila mtu kukatwa mbele ya watoto wadogo huleta vilio. Mtoe msaidizi akitabasamu na kupunga mkono mapema.

Inamfaa nani. Kikundi cha watu watatu au zaidi, chenye mahali pa kuhifadhi vifaa na chenye mikataba ya kumbi. Kwa mtu mmoja anayeanza, ni mzigo.

Bahasha na kitabu: kusoma mawazo

Vifaa. Bahasha, karatasi nene zisizopenyesha maandishi, kalamu ya wino mzito, na kitabu kimoja. Hakuna fani yenye begi jepesi zaidi.

Mazoezi. Vidole karibu havina kazi, ulimi ndio unaobeba. Tazama mbinu ya kuwa hatua moja mbele. Unamwambia mgeni afikirie mji. Unaandika kwenye karatasi ya kwanza, unakunja, unaweka glasini. Kisha anautaja: Manyoni. Unamwambia mwingine afikirie rangi, unaandika, unakunja, anaitaja: kijani. Wa tatu anachagua karata, unaandika kwanza, kisha inageuzwa: mzungu wa nne wa kopa. Zikifunguliwa, zote ziko sawa. Ulichoandika kwenye karatasi ya kwanza kilikuwa ile karata, ambayo ulijua tangu mwanzo kwamba itachaguliwa. Kwenye ya pili uliandika Manyoni, na kwenye ya tatu kijani.

Kila kitu kinategemea lile chaguo la mwisho. Mgeni akiikwepa karata uliyompangia, karatasi ya kwanza imeshaharibika na huwezi kuirudia. Kwa hiyo mwanzoni tumia njia ngumu kukosea: msalaba wa karata. Karata yako iko juu ya pakiti. Mgeni anakata, unaweka nusu ya chini kwa kupingana juu ya nusu ya juu, unazungumza nusu dakika, kisha unanyanyua ile nusu uliyoiweka na kumwonyesha "alipokata". Ni karata ileile ya juu. Bila ile nusu dakika mchezo ni wazi kama mchana. Kosa la pili ni kuzichanganya karatasi glasini: zikunjwe namna moja, zisiwe na namba, na uwe wewe unayezisoma kwa sauti.

Viti na pembe. Vyovyote. Wazunguke pande zote, wawe 10 au 500, ilimradi kipaza sauti kinafanya kazi.

Hali ya hewa na safari. Upepo uziwekee uzito bahasha. Zaidi ya hapo hakuna la kusema.

Maneno ya watu. Hapa pana kina. Tumeyaona masanduku yakijitangaza kuwa mchezo; bahasha haijitangazi. Mtu aliyetajiwa wazo lake ataondoka akiamini umeliona, na keshokutwa atakupigia kuhusu simu iliyoibwa, mtoto anayeumwa au mume aliyehama. Tuhuma za uchawi zimeua watu nchini, na Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamgusa pia anayejidai kuwa na nguvu hizo hata kama hana. Sema mwanzoni na useme tena mwishoni, kwa Kiswahili cha mtaani, kwamba ni kiinimacho na kila kitu kilipangwa. Usiguse ugonjwa, wizi, marehemu, ndoa wala bahati nasibu. Usitaje jambo la aibu la mtu hata ukilijua.

Hofu hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha maelezo ya michezo ya karata, mipira na visu kuonyesha kwamba waliokuwa wakishtakiwa uchawi hawakuwa na nguvu zozote. Na upo mfano wa upande wa pili. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma mwanamazingaombwe Robert-Houdin Algeria kuwaonyesha wenyeji kwamba nguvu za Wafaransa zinawazidi marabuti wao, yaani viongozi wao wa dini; alitumia kisanduku chenye chuma chini na sumaku ya umeme iliyofichwa sakafuni, mwanamume mwenye nguvu akashindwa kukiinua mbele ya watu wake. Mchezo ulikuwa safi. Matumizi yake yanapaswa kumfanya kila anayetumbuiza kijijini ajiulize ni nani anayechekwa.

Inamfaa nani. Mtu mzima mwenye sauti tulivu, anayesikiliza vizuri, na aliye tayari kukataa simu za wanaotafuta mganga. Haimfai anayependa kuogopwa.

Kulingana na hali yako

Shule za msingi na mahafali: kamba na leso, bila kuumiza kichwa. Ukiwa na wiki tatu tu kabla ya tarehe, jifunze kamba peke yake, uifanye kwa dakika nane, ukae chini.

Harusi au sendoff yenye watu 200 na zaidi: mezani wakati wageni wanaingia na kusubiri maharusi, au bahasha kupitia kipaza sauti baada ya chakula. Zungumza na mshereheshaji siku moja kabla. Akikuingiza katikati ya zawadi, hakuna fani itakayokuokoa. Kuwaunganisha maharusi kwenye mchezo wa bahasha kunapendeza, ila swali liwe chepesi, kama mji wa fungate.

Viwanja vya Nanenane Nzuguni, au popote penye watu wanaopita: kamba, sarafu kubwa; michezo ya dakika tatu inayoanza upya. Vioo na leso nyepesi zisahau.

Wanafunzi wa chuo wenye muda mwingi na fedha kidogo: karata na sarafu. Miezi mitatu ya bweni ni shule tosha, na wenzako wa chumba ni watazamaji wakali kuliko wote.

Kikundi cha sanaa chenye ukumbi wa kufanyia mazoezi: sanduku moja, zuri, lililojengwa kwa kipimo cha msaidizi wenu, huku onyesho lililobaki likijazwa na kamba. Masanduku matatu kwa mpigo humaliza mtaji na kirikuu.

Anayetaka kulipwa, kwa fani yoyote, ajisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na aonane na afisa utamaduni wa eneo lake kabla ya kutangaza. Na ukifika mahali pa onyesho, kabla hujafungua begi, kaa kwenye kiti cha mwisho kushoto, kisha cha mwisho kulia, kisha nenda usimame nyuma pale watoto watakaposimama. Mwombe mtu akae nafasi yako anyooshe kiganja. Michezo ambayo kiganja hicho kingeifichua kutoka kwenye viti hivyo, iache ndani ya begi.